Dakika Thelathini na Moja

Zamu ya usiku imetoka, ya asubuhi haijaingia.
Sakafu inanuka klorini, mabuti yamepangwa kwa saizi,
na mimi, Nyanjura Magesa, msimamizi wa meza ya minofu,
nimeiweka kompyuta juu ya kreti tupu la sangara
niiambie: niandikie barua.

Ya onyo. Iwe kali. Iwe fupi.
Kwa Limi Bugumba, kisu namba kumi na saba,
ambaye wiki ya tatu sasa mizani haimsifu.

Akili mnemba haina hasira ya kukopa.
Haikupigiwa simu saa tano usiku na bosi wa Capri Point
akiuliza tani, tani, tani.
Iliandika barua iliyonyooka kama uti wa samaki,
kisha chini yake, kwa adabu ya mgeni asiyejua pa kukaa:

*Nimesikiliza vikao vinane ulivyonipa.
Katika dakika arobaini, wewe huongea thelathini na moja.
Jina la Limi hujalitamka tangu mwezi wa pili.
Umemuuliza?*

Nikacheka,
cheko la mtu aliyejikwaa mbele za watu.
Nje, korongo walikuwa wamesimama juu ya ukuta wa Igogo
kama wakaguzi waliokuja bila taarifa.
Nikafunga kifuniko. Nikakifungua.
Nikauliza, nianzeje?

*Uliza swali moja. Kisha nyamaza, uhesabu hadi kumi.*

Basi hilo ndilo nililolipata kwa mashine ya mamilioni:
kunyamaza.
Mama yangu alinipa bure, sikulipokea.

Limi akaja na aproni begani, akaamkia, akabaki wima.
Nikageuza kreti, nikamkalisha, nami nikakaa.
Limi, kuna nini?
Moja. Mbili. Mashine ya barafu ikakohoa.
Saba. Nilikuwa na maneno mdomoni kama mate.
Kumi. Kumi na nne.
Kumi na tisa.

"Meza yangu ipo chini ya feni ya baridi," akasema.
"Kufika saa tatu, vidole si vyangu.
Nilishasema, dada. Mwezi wa pili.
Ulikuwa unaongea."

Sikuwa na jibu, na kwa mara ya kwanza
sikulitafuta.

Mchana Bwire fundi alipanda ngazi na spana yake,
akaigeuza feni itazame ukuta.
Jioni nikairudia kompyuta: nipangie zamu mpya,
kila mtu saa moja tu penye baridi, asionewe yeyote.
Ikapanga kufumba na kufumbua, majina thelathini na mawili,
hakuna aliyezidiwa hata dakika.
Ila ilimweka Mhoja kwenye kubeba kreti,
nayo haijui jinsi Mhoja siku hizi anavyoshika ukuta
akipita kwenye harufu ya matumbo ya samaki,
wala kwamba hajamwambia mtu.
Nikafuta. Nikaandika kwa mkono wangu: Mhoja, lebo.
Ikauliza sababu. Sikuipa.

Bosi angependa niiulize jingine:
katika hawa, nani apunguzwe?
Najua ingejibu, tena kwa jedwali.
Kisu kinachotoa mnofu ndicho kinachotoa kidole,
na mpini nimeushika mimi.

Barua ya Limi bado ipo, sijaifuta.
Naiacha inikodolee macho kila nikifungua.

Ijumaa tulikuwa na kikao cha tisa.
Kabla ya kuirekodi niliwauliza, mnaridhia?
Wakatazamana; hawajazoea kuulizwa.
Dakika ishirini na sita, ikaniambia baadaye.

Bado nyingi.

Lakini kule mwisho wa meza, jirani na ukuta,
namba kumi na saba ananoa kisu
na kumwambia mwenzake jambo refu,
nami nimesimama na ndoo mkononi,
sijui wanazungumza nini,
siwakatizi.